Kufunga na kujaza hita ya sola yenye mzunguko uliofungwa

Hita nyingi za sola zilizo juu ya mapaa ya Nakuru na Kisumu ni za mzunguko wazi: maji yanayopita kwenye paneli ndiyo hayo hayo yanayotoka kwenye shawa. Kisumu hazina neno. Ukipanda Molo, Mau Summit au Timboroa, huko ndiko zinakopasukia. Usiku usio na mawingu, paneli hutupa joto lake angani, na maji yaliyo ndani yanaweza kuganda hata kama kipimajoto cha barazani kinasoma nyuzi 3. Barafu hutaka nafasi kubwa kuliko maji, na mwenye kuitoa nafasi hiyo ni bomba jembamba la paneli. Mjini Nakuru shida si baridi bali maji yenyewe. Visima vya Bonde la Ufa vina chumvichumvi nyingi, mbali na ile floridi inayotia meno rangi ya kahawia, na chumvi hizo huacha magamba pale penye joto kali.

Mzunguko uliofungwa unakwepa yote mawili. Paneli ina majimaji yake, maji yaliyochanganywa na glaikoli ya kuzuia kuganda, yanayozunguka humo humo bila kunyweka. Yanachukua joto juu ya paa, yanashuka hadi koili iliyo ndani ya tangi, yanaliacha joto humo, kisha pampu inayarudisha juu. Gharama yake ni vifaa zaidi, na uangalifu mwingi zaidi siku ya kujaza.

Vipimo vilivyomo humu ni vya nyumba ya watu wanne au watano: tangi la lita 200 lenye koili, paneli mbili bapa za mita mraba 2 kila moja, paa la nyumba ya chini, na tangi likiwa stoo. Kutoka kwenye geji ya presha hadi ncha ya juu ya paneli ni mita 5. Ikiwa nyumba yako ni ya ghorofa, hesabu za presha zitabadilika, na utaona zinavyobadilika.

Paneli zikae vipi

Nakuru na Kisumu ziko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo ule ushauri wa kuelekeza paneli kusini au kaskazini, unaoletwa na vitabu vya kwingine, hapa hauna uzito. Kinachohesabika ni mteremko na mawingu. Nyuzi 15 zinatosha: mvua inasafisha kioo na hewa inapanda hadi ncha ya juu. Nakuru na Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, na asubuhi huwa na jua safi. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, elekeza paneli mashariki.

Chagua kioo kigumu cha milimita 3.2 au zaidi, maana ukanda wa majani chai wa Kericho na Nandi unajulikana kwa mvua ya mawe. Mirija ya vakyumu inasifiwa sana madukani, lakini kwa jua letu paneli bapa inatosha, na siku pampu ikisimama haichemki vikali kama mirija. Fremu za paneli ziunganishwe na waya wa ardhi. Radi za Kisii na Kakamega si za kufanyia mzaha.

Siku stima itakapopotea saa sita mchana

Mfumo huu uujenge ukifikiria saa hiyo. Jua limewaka, pampu imesimama, tangi halipokei kitu. Ndani ya dakika chache paneli hupita nyuzi 100 na huweza kufika 150 au zaidi. Majimaji yaliyomo hugeuka mvuke na kusukuma mengine yatoke kwenye paneli. Yakiwa na pa kwenda, jioni yatarudi na kesho kazi itaendelea bila mtu kujua. Yakikosa, valvu ya usalama itayamwaga, na kesho asubuhi geji itasoma sifuri.

Pa kwenda ni tangi la upanuzi, lile dogo la chuma, jekundu au jeupe, lenye utando wa mpira ndani: upande mmoja majimaji, upande wa pili hewa. Kosa kubwa linalofanyika ni kununua la lita 5 au 8 kwa kuwa ndilo lililokuwa dukani. Hesabu ya mfano wetu ni hii. Paneli mbili zina lita 3.6. Bomba la shaba la milimita 15 hubeba lita 0.145 kwa kila mita, kwa hiyo mita 24 za kwenda na kurudi ni lita 3.5. Koili ina lita 5. Jumla ni kama lita 12. Yakipata joto hutanuka kwa takriban lita 1. Mvuke ukiyasukuma yote yatoke kwenye paneli, ni lita 3.6 nyingine. Ongeza akiba ya lita 3 inayokaa ndani ya tangi tangu mwanzo, ili usiku yakisinyaa au hewa ikitoka presha isianguke. Tangi linatakiwa kupokea karibu lita 8.

Haimaanishi ununue la lita 8, kwa sababu hewa ya upande wa pili haiishi, inabanwa tu. Nunua la lita 18, la aina iliyotengenezewa sola, ambayo utando wake unavumilia glaikoli na joto. Ukilipiga hewa ya bar 1.5 (bar ni kipimo cha presha) na kujaza mfumo hadi bar 2.0, litabeba lita 3.2 za akiba. Mfumo ukifanya kazi kawaida geji itapanda hadi kama 2.2. Paneli ikichemka yote, itafika kama 3.3. Valvu ya usalama ya bar 6 haitafunguka. Ile ya bar 3, ambayo ni rahisi kuipata kwa kuwa hutumika kwenye boila, ingefunguka kila stima ikipotea. Usiifunge.

Hiyo bar 1.5 imetoka wapi? Kila mita 10 za urefu ni bar 1. Mita 5 ni bar 0.5, halafu unaongeza bar 1 ili ncha ya juu ya paneli ibaki na presha hata kukiwa na baridi. Nyumba ya ghorofa yenye mita 9 itahitaji 1.9 kwenye hewa na 2.4 kwenye majimaji. Presha hiyo ina faida nyingine: Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini maji yaliyobanwa kwa bar 1.5 hayachemki mpaka karibu nyuzi 125.

Hewa ya tangi ipimwe kabla ya kulifunga, au mfumo ukiwa mtupu kabisa. Ukipima mfumo ukiwa na presha, utakuwa unasoma presha ya majimaji, si ya hewa. Kidude cha kujazia ni kile kile cha gurudumu la gari, na pampu ya kawaida ya magurudumu inafaa, bar 1.5 ni psi 22. Usiamini namba ya kwenye lebo. Tangi lililojazwa kiwandani karibu na bahari husoma kama bar 0.2 zaidi likifika Nakuru kwa sababu hewa ya nje huku ni nyepesi, na likikaa dukani mwaka mzima hupungua.

Lifunge kiunganishi chake kikiwa juu, bomba likishuka kuelekea tangi, na ukiache kipande hicho wazi bila kukivika sponji ili joto lipotee njiani. Kati ya paneli, tangi hilo na valvu ya usalama pasiwe na valvu yoyote ya kufungwa kwa mkono. Na vyote viwili vikae upande wa paneli, yaani baada ya pampu na baada ya valvu ya kuzuia kurudi, ili mvuke ukisukuma majimaji yakute njia. Mdomo wa valvu ya usalama uelekezwe kwa bomba la chuma hadi kwenye jerikeni ya glaikoli iliyokwisha. Ukiona jerikeni ina kitu, unajua kimetoka na kiasi gani, na unaweza kukirudisha.

Mabomba

Hapa mabomba ya kijani ya plastiki (PPR) yakae upande wa maji ya kuoga tu. Upande wa paneli yatalegea na kuvimba. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki nayo hayafai, kwa kuwa glaikoli na zinki hazipatani: zinki hutoka na kuziba pampu kwa tope. Tumia shaba ya milimita 15 na viungo vya kukaza kwa spana. Risasi ya kawaida ya kuchomelea mabomba huanza kulainika karibu na joto ambalo paneli iliyosimama inaweza kulifikia, kwa hiyo mita mbili za kwanza kutoka kwenye paneli zichomelewe kwa risasi ngumu ya fedha au zikazwe kwa viungo. Nyuzi za viungo zifungwe kwa katani na lami yake. Ile tepu nyeupe pekee huvuja baada ya joto kupanda na kushuka mara kadhaa.

Sponji ya mabomba iwe ile nyeusi ya mpira inayovumilia nyuzi 150, si ile ya kijivu nyepesi inayoyeyuka. Nje ya paa ifunike kwa bati laini au mkanda wa alumini, la sivyo jua litaila na ndege watachukua iliyobaki.

Ukianzia chini ya koili kuelekea paneli, vifaa vifuatane hivi: koki ya kutolea, valvu ya kufungia, koki ya kujazia, pampu, kipimo cha mtiririko, valvu ya kuzuia kurudi, halafu geji, valvu ya usalama na tawi la tangi la upanuzi. Ile valvu ya kufungia katikati ya koki mbili ndiyo inayofanya kujaza kuwezekane. Asiyeiweka atatoa hewa wiki nzima.

Juu ya paneli, mahali pa juu kabisa, weka kitoa hewa cha chuma chenye koki yake ya kufungia. Koki hiyo itafungwa kazi ikiisha. Kitoa hewa kikiachwa wazi, siku paneli ikichemka kitatoa mvuke badala ya hewa.

Upande wa maji ya kuoga, tangi linalolishwa na tangi la juu ya paa liwe na bomba la pumzi linalopanda kupita usawa wa maji wa tangi hilo la paa. Kwenye mtoko wa maji moto funga valvu ya kuchanganya iliyowekwa nyuzi 50. Tangi la sola linaweza kufika 65, na joto hilo humbabua mtoto kwa sekunde chache.

Kusafisha na kupima

Funika paneli kwa turubai kuanzia jioni ya jana, na uanze kazi kabla ya saa mbili asubuhi. Kumwaga maji baridi kwenye paneli iliyopata moto ni kutengeneza mvuke usoni pako, na kioo kinaweza kupasuka.

Pitisha maji safi kwa dakika kumi yakiingia koki ya kujazia na kutokea ya kutolea, valvu ya katikati ikiwa imefungwa. Vipande vya shaba, katani na mchanga vitatoka. Kisha funga mtoko, pandisha hadi bar 3 na uache nusu saa huku ukipitia kila kiungo kwa karatasi ya shashi, ambayo inaonyesha tone ambalo kidole hakilihisi. Ukimaliza, toa maji yote unayoweza. Karibu lita 2 zitabaki kwenye koili na mikunjo ya paneli, na hizo zimo kwenye hesabu inayofuata. Ukiwa Molo, usiache maji matupu yalale ndani hata usiku mmoja.

Kuchanganya

Tumia propilini glaikoli yenye dawa ya kuzuia kutu. Usitumie kulanti ya gari. Nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na kwetu hatari hiyo iko karibu zaidi kuliko kwingine: maji ya kuoga yanatoka tangi la paa kwa presha ya bar 0.3 hivi, ilhali mzunguko wa sola una bar 2. Koili ikitoboka, kinachosukumwa ni majimaji ya sola kuingia kwenye maji ya familia, wala si kinyume chake.

Asilimia 30 hulinda hadi takriban nyuzi 13 chini ya sifuri, zaidi ya baridi yoyote ya Timboroa. Usishuke chini ya 25 hata Kisumu, kwa kuwa dawa ya kutu nayo huwa imepungua mno na bakteria hupata chakula. Usipandishe hadi 50 ukidhani unajenga uimara: mchanganyiko mzito hubeba joto kidogo na kuichosha pampu.

Mfumo utachukua lita 12 na zile 3.2 za tangi la upanuzi. Changanya lita 20: glaikoli lita 7 na maji lita 13. Hiyo ni asilimia 35, na lita 2 za maji zilizobaki ndani zitaishusha hadi karibu 32. Maji yawe yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, si ya kisima. Changanya kwenye ndoo, usimwage glaikoli kwanza na maji baadaye ndani ya mabomba.

Kujaza

Pampu ya nusu hosi ya kuvutia maji inatosha. Paipu ya kuvutia iingie kwenye pipa la mchanganyiko, ya kusukuma ifungwe kwenye koki ya kujazia, na ya tatu itoke koki ya kutolea irudi kwenye pipa. Mdomo wa hiyo ya tatu uzame ndani ya majimaji. Ukiuacha juu, unachapa povu, na povu hilo pampu inalirudisha ndani.

Funga valvu ya katikati. Iweke valvu ya kuzuia kurudi kwenye alama ya wazi. Fungua koki mbili na kitoa hewa cha juu, kisha washa. Mwanzo pipa litapungua haraka. Usiache pampu ivute hewa. Baada ya dakika tatu au nne majimaji yataanza kurudi, kwanza kwa kutapika, halafu yakiwa meupe kama maziwa kwa vipovu vidogo. Hapo mafundi wengi huzima. Usizime. Endelea dakika 20 hadi 30, mpaka yarudi maangavu. Katikati ya muda huo bana koki ya kutolea kwa sekunde tano, uiachie ghafla, urudie mara kadhaa: mshtuko huo hung'oa hewa iliyojificha kwenye pembe za koili. Fungua pia valvu ya katikati kwa nusu dakika, uifunge tena.

Yakishakuwa maangavu, funga koki ya kutolea pampu ikiwa bado inakwenda. Geji itapanda. Ikigusa 2.0, funga koki ya kujazia, kisha uzime pampu. Fuata mpangilio huo. Ukizima kwanza, presha inarudi kwenye pipa. Fungua valvu ya katikati, washa pampu ya mfumo kwa mkono dakika kumi, tegesha sikio. Ikikoroma kama chura, bado kuna hewa. Jaza tena kidogo hadi 2.0.

Turubai liondolewe jioni. Mtiririko uwekwe lita 2 hadi 4 kwa dakika kwa paneli hizi mbili. Kidhibiti kiwashe pampu paneli ikizidi tangi kwa nyuzi 8, kiizime tofauti ikifika 4, na kisimamishe tangi likifika 65. Kihisi cha paneli kiingie hadi mwisho wa mfuko wake na kifungwe. Kikichomoka sentimita tano tu, pampu itachelewa kila asubuhi. Valvu ya kuzuia kurudi irudishwe kwenye alama ya kazi. Baada ya siku tatu za jua funga koki ya kitoa hewa cha juu.

Kama stima ya kwako hupotea mara nyingi, pampu ya volti 12 inayolishwa na paneli ndogo ya umeme ya wati 30 hivi inaondoa balaa hilo lote: jua likiwepo inazunguka, lisipokuwepo inalala.

Kasoro na asili yake

Geji inaruka hadi 5 au 6 mchana na kuanguka karibu na sifuri usiku: tangi la upanuzi limepoteza hewa. Bonyeza kidude chake cha hewa. Ikitoka hewa, toa presha ya majimaji, pampu hadi 1.5, jaza upya. Yakitoka majimaji, utando umepasuka na tangi halirekebishiki.

Presha inapungua polepole wiki ya kwanza: ni hewa inayotoka, ongeza tu. Ikiendelea mwezi wa pili na hakuna tone popote, angalia jerikeni ya valvu ya usalama. Ikiwa kavu, shuku koili. Onja hapana, funga maji baridi ya tangi, toa kidogo kwa chini kwenye chupa safi, tikisa. Povu lisiloisha upesi ni ishara ya glaikoli.

Paneli inaunguza, bomba la kushuka baridi, pampu inavuma: hewa imekwama juu. Rudia kujaza, usihangaike na kidhibiti. Tangi la moto jioni na vuguvugu asubuhi, bomba la juu likiwa na joto saa nne usiku: valvu ya kuzuia kurudi iliachwa wazi siku ya kujaza, au uchafu umeishikilia. Hii ndiyo lalamiko la kawaida kuliko yote, na mara nyingi dawa yake ni kugeuza kishikizo kimoja.

Kila mwaka toa kikombe kimoja cha majimaji. Glaikoli nzuri ni angavu na pH yake iko juu ya 8. Ikishuka chini ya 7, ikawa kahawia na kunuka uchachu, dawa ya kutu imekwisha na shaba imeanza kuliwa. Mfumo uliofungwa vizuri huipa miaka mitatu hadi mitano. Unaochemka kila wiki kwa kukosa stima huimaliza mapema zaidi. Wakati wa kubadilisha, pima hewa ya tangi mfumo ukiwa mtupu, kabla ya kumimina mpya.